Haki ya Mpagazi na Haki ya Mpalestina

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kurehemu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kusema na wasomaji wetu, wazee kwa vijana, juu ya swali linalosikika barazani na majumbani: mnyonge asiye na cheo wala silaha aitafuteje haki yake? Vijana wengi huliuliza swali hili kwa ajili ya Palestina. Wengine huliuliza kwa ajili ya kodi, bei ya mazao na ujira wa kazi. Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali, la kwanza la dini na la pili la tumbo. Sisi twaona kuwa ni jambo moja, wala ushahidi wetu hatuendi kuutafuta mbali. Twauanzia papa hapa Tabora, katika njia waliyoipita babu zetu na mizigo mabegani.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, ambako wasafiri wa zamani walikujua kwa jina la Kaze. Hapo iligawanyika, mkono mmoja ukaenda magharibi hata Ujiji penye ziwa, na mwingine ukaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hata Tabora ni mwendo wa kilomita zipatazo 800, nao msafara ulitembea miezi miwili, mitatu au zaidi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasifike Kaze ila Novemba. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 30, na mwenye kuchukua pembe kubwa ya ndovu alibeba zaidi ya hapo.

Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, waungwana waliokubali kazi kwa mapatano. Ujira wao ulikuwa nguo, merikani na kaniki, na juu yake posho ya kila siku. Mwenye msafara alipopunguza posho, au alipotaka kurefusha safari kupita ilivyopatanwa, au alipompiga mtu pasipo haki, wapagazi walikuwa na jibu lao. Walitua mizigo. Hawakuchoma hema wala hawakumwaga damu, bali waliiweka chini mali ya tajiri, wakaketi kivulini, wakasema hawaendi. Burton na Stanley wameyaandika mambo haya kwa hasira nyingi, wakiwaita wapagazi wakaidi na wavivu. Lakini msomaji mwenye akili akiyageuza malalamiko yao upande wa pili ataona habari nyingine: ataona watu waliojua thamani ya mabega yao, na waliojua kwamba tajiri mwenye marobota mia hana kitu ikiwa hapana wa kuyachukua.

Hapo ndipo penye asili ya mgomo katika nchi yetu. Wako wasemao kwamba kudai haki kwa umoja ni desturi tuliyoletewa na Wazungu pamoja na viwanda na reli. Sivyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kutua mizigo kulikuwa kumekwisha kuwa desturi ya njia hii miaka mingi kabla ya hapo.

Yatupasa hata hivyo kusema kweli yote, wala si ile nusu inayotupendeza. Katika njia hiyo hiyo, pamoja na wapagazi wa ujira, walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wametekwa makwao, wakauzwa kama bidhaa. Na miongoni mwa wenye misafara hiyo walikuwamo Waislamu waliosali na kufunga. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, tuusimamishe uadilifu ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi asiyeweza kuikiri dhuluma iliyofanywa na watu wa dini yake, huyo akisimama kuilaani dhuluma ya wengine, watu watamwuliza: hukuyaona ya nyumbani kwako?

Sasa na tutazame mwendo wa Mtume wetu. Kabla ya kupewa utume, alipokuwa kijana, alifika Makka mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen. Akamwuzia bidhaa zake mkubwa mmoja wa Kikureshi, Al-As bin Wail, naye akazichukua asimlipe. Mgeni yule hakuwa na kabila pale la kumtetea. Akapanda mlima Abu Qubays, akapaza sauti mbele ya watu wote, akaeleza alivyodhulumiwa. Watu wenye utu wakaona haya. Wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila mdhulumiwa, akiwa mwenyeji au mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Mapatano hayo ndiyo yaitwayo Hilful-Fudhul. Mtume alihudhuria, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mapatano kama yale katika Uislamu, angeitikia.

Msomaji na ayapime mambo matatu katika kisa hiki. Dhuluma yenyewe ilikuwa ya mali, yaani bei ya bidhaa isiyolipwa. Mdhulumiwa alikuwa mgeni, si ndugu wa damu. Na walioapa hawakuwa Waislamu, kwani Uislamu ulikuwa haujaja. Basi mwenye kusema kwamba kudai ujira na bei ya haki si jambo la dini, na atuambie Mtume alikwenda kufanya nini katika nyumba ile.

Tukirudi kwetu, twaona kwamba njia ya misafara ilipogeuka kuwa njia ya reli, desturi ya kutua mizigo haikufa. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na bei za vitu zilizopanda baada ya vita. Mgomo ukaifuata reli ukaingia bara, na mwisho wake makuli wakaongezwa ujira. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na chama chao chini ya Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili.

Na mji wa Tabora una fundisho lake jingine, ambalo vijana wapenda migomo hawana budi kulijua. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa kuamua juu ya uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena ikaweka masharti ya kipato na elimu yaliyowaacha nje watu walio wengi. Lilikuwa sharti la dhuluma, na wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi ule. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma katika mji huu huu, akawashawishi waingie, na wakaingia, wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Watu wakauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Fundisho lake ni kwamba kususia ni chombo cha kazi. Fundi mwema hujua siku ya kushika nyundo na siku ya kuiweka chini.

Nyerere yule yule mwezi wa Juni 1959 alihutubia mjini London katika mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Hapa hakuwa na kura ya kupiga ndani ya nchi ile wala jeshi la kupeleka. Alichokuwa nacho mtu wa kawaida ni shilingi yake, nayo akaambiwa asiitie mkononi mwa mbaguzi. Ilichukua miaka 35 kabla ya Waafrika wa kule kupiga kura pamoja na wenzao mwaka 1994. Haki huchelewa, na mwenye kuidai lazima awe na subira ya mpagazi katika Mgunda Mkali.

Sasa twafika Palestina. Wengi wetu twaijua kwa habari za mabomu tu, hatujui kwamba watu wa nchi ile nao wana historia ndefu ya kutua mizigo. Mwaka 1936, walipokuwa chini ya Waingereza kama sisi, waligoma nchi nzima tangu Aprili hata Oktoba: maduka yakafungwa, magari yakasimama, wakidai utawala wao na kuzuiwa kwa uhamisho wa ardhi yao. Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na wengi wao hawakuruhusiwa kurudi. Walipoinuka tena Desemba 1987, wenye maduka walifunga milango kwa saa walizopatana. Katika mji wa Beit Sahour, karibu na Bethlehem, mwaka 1989 watu walikataa kulipa kodi kwa utawala wa kijeshi, wakazingirwa kwa wiki kadhaa, na vyombo vya nyumbani mwao vikachukuliwa. Wengi wa watu wa Beit Sahour ni Wakristo. Mwaka 2005 vyama vya Wapalestina vya raia, vya wafanyakazi, vya wakulima na vya wanawake, viliuomba ulimwengu ususie kwa mfano wa Afrika Kusini.

Mwenye kujua sira hawezi kuitazama Gaza asikumbuke bonde la Abu Talib. Makureshi waliandika hati wakaitundika katika Al-Kaaba, ya kwamba mtu asiwauzie wala asinunue kwa Bani Hashim, wala asioane nao. Muda wa miaka ipatayo mitatu watoto walilia kwa njaa na sauti zao zikasikika nje ya bonde. Ni nani waliokwenda kuivunja hati ile? Ni watu watano wa Makka, miongoni mwao Hisham bin Amr na Mut'im bin Adi, ambao siku ile hawakuwa Waislamu. Walishindwa kula na kushiba huku jirani zao wana njaa. Tusishangae basi kuwaona leo Wakristo, Mayahudi na watu wasio na dini wakiandamana London na New York kwa ajili ya Gaza. Watu wa namna hii Mtume hakuwasahau wema wao.

Nchi yetu nayo ilikuwa na msimamo wake. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israel, na Chama cha Ukombozi wa Palestina kikawa na ofisi yake Dar es Salaam. Mwaka 1988 tuliitambua dola ya Palestina. Uhusiano na Israel ulirudishwa mwaka 1995, na ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa mwaka 2018. Aliyeuanzisha msimamo ule wa 1973 alikuwa Mkatoliki, na hoja yake ilikuwa moja na ile ya Afrika Kusini na Msumbiji: ardhi ya watu haichukuliwi kwa nguvu. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai yake kwamba kukaliwa kwa ardhi ya Palestina ni kinyume cha sheria, na kwamba hakuna budi kukome upesi iwezekanavyo.

Lakini uadilifu una ncha mbili. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji waliotoka Gaza waliua watu wapatao 1,200 katika Israel, wengi wao raia, wakachukua mateka wapatao 250. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja wao haukutoka Gaza mpaka Novemba 2025. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 60,000 Gaza kufikia mapatano ya Oktoba 2025, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, na katika hao wanawake na watoto ni maelfu kwa maelfu. Mama wa Kitanzania aliyempoteza mwanawe, na mama wa Gaza aliyefukua kifusi kwa vidole, machozi yao ni mamoja. Sura Al-Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitusukume tukaacha uadilifu. Atakayemtukana Yahudi kwa uyahudi wake, au akafurahia kuuawa kwa raia, ameitoka njia ya Palestina na njia ya Qur'ani kwa hatua moja.

Ndiyo maana twasema kwamba kudai haki kuna adabu zake. Adabu ya kwanza ni kumlenga mwenye dhuluma, si kila anayefanana naye. Mwaka 1959 katika Buganda watu walisusia maduka ya Wahindi wakidai nafasi katika biashara. Dai lao lilikuwa na asili, lakini kampeni iliwaandama watu kwa rangi yao, vitisho na uharibifu vikaingia, na wanyonge wenyewe wakakosa pa kununua na pa kuuzia. Adabu ya pili ni huruma. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Yamama, aliposilimu alizuia nafaka isiende Makka kwa maadui wa Mtume. Watu wa Makka walipobanwa na njaa walimwandikia Mtume, naye akamwamuru Thumama aifungue njia ya chakula. Kususia si kuua kwa njaa. Adabu ya tatu ni ukweli: habari isiyothibitishwa isipelekwe, na picha ya vita vya nchi nyingine isiitwe ya Gaza.

Adabu ya nne inawahusu vijana na watawala kwa pamoja. Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa ajili ya kodi na usumbufu wa ukusanyaji wake. Mara ya kwanza Waziri Mkuu alikwenda akawasikiliza hadharani. Huo ulikuwa mkutano wa mizigo iliyotuliwa na sikio lililofunguliwa. Katika Kenya, Juni 2024, vijana walipinga mswada wa fedha. Rais aliukataa mswada huo tarehe 26 Juni, lakini baada ya roho nyingi kupotea na Bunge kuvamiwa siku iliyotangulia. Na nchini mwetu, siku ya uchaguzi ya 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, maandamano yalikutana na risasi, watu wakafa, mali zikateketea. Twawaombea waliofariki, na twasema pande zote mbili: kijana asishike kiberiti, kwani nyumba ichomwayo ni ya mnyonge mwenzake, na mtawala asingoje moshi ndipo asikilize, kwani Mwenyezi Mungu amemruhusu mdhulumiwa kupaza sauti, wala hakumruhusu yeyote kuinyamazisha kwa damu.

Twamalizia kwa jambo lililo zito kuliko yote tuliyoyasema, kwa kuwa liko ndani ya nyumba zetu. Tumeyaona majumba yenye bendera ya Palestina ukutani, na jikoni yumo binti aliyeletwa kutoka kijijini, hajalipwa mshahara wa miezi mitatu. Tumeona duka linalokusanya sadaka ya Gaza, na mizani yake inamwibia mwenye asali aliyetoka porini na madebe yake. Tumeona mchukuzi wa stendi akishusha magunia tangu alfajiri, kisha akaambiwa aje kesho. Huyo mchukuzi ni mjukuu wa mpagazi wa njia ya misafara. Mtume amesema kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwamba mwenye kumtumikisha mtu kisha asimlipe, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Sadaka ya Gaza iliyotolewa kwa ujira wa binti wa jikoni ni sadaka ya mali ya mtu mwingine.

Basi kila nyumba na ifanye haya. Mwezi huu, kabla ya kutoa shilingi moja ya kwenda mbali, lipeni madeni ya wafanyakazi wenu. Kisha toeni kwa ajili ya Palestina kwa njia iliyo wazi na ya halali. Mkisusia bidhaa, susieni kwa ujuzi, mjue kwa nini na mpaka lini. Vijana wa Urambo, Kaliua na Sikonge mliosoma, kaeni na baba zenu wakulima wa tumbaku, someni hesabu za vyama vya msingi, tazameni bei ya pembejeo waliyokopeshwa na daraja waliyopewa. Kwani mkulima asiyejua hesabu yake hubeba mzigo asiojua uzito wake. Wazazi, wafundisheni watoto Hilful-Fudhul kabla ya kuwafundisha kelele.

Mwenyezi Mungu awape nafuu watu wa Palestina, awarudishe makwao walio ukimbizini, awafariji wafiwa wote, wa kwetu na wa kwao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama na mdhulumiwa, akiwa Gaza au akiwa mlangoni petu. Amin.